Moyo Unaochelewa Kukasirika

Kabla ya kuugua, hasira za Fundi zilijulikana mtaa mzima. Mteja aliyepangiwa siku ya kujaribu suti, akatokea siku nyingine akidai ndivyo alivyoambiwa, alitolewa uvivu palepale mlangoni, mkanda wa kupimia ukiwa bado unaning'inia shingoni mwa Fundi, na wapita njia walipunguza mwendo ili wasikose neno. Katika safu ile ya maduka ya cherehani alikuwa mwanamke pekee aliyeshona suti za kiume. Mkanda wake ulikuwa umezunguka vifua vya kila namna: mabwana harusi wanaotoka jasho, mawakili wanaovuta tumbo ndani wakidhani fundi ni kipofu, vijana wanaotaka koti libane mpaka wasiweze kupiga chafya. Hakubembeleza mtu. Koti ama limekaa ama halijakaa, na kama halijakaa lifumuliwe.

Basi moyo ukamchoka. Ulianza kwa kumnyima pumzi kwenye ngazi, ukaja kumnyima usingizi, mwisho ukamlaza hospitali na mipira puani, madaktari wakasema huu hautengenezeki tena, utafutwe mwingine. Ukapatikana. Akapasuliwa, akazinduka akiwa na mshono mrefu katikati ya kifua. Alipopata nguvu ya kujitazama kwenye kioo aliukagua kwa jicho la kazi, akakiri kwamba aliyeushona anajua kushona.

Kuna jambo daktari alimweleza mapema ili asije akaogopa. Moyo ukihamishwa, mishipa ya fahamu iliyokuwa ikiupelekea habari hukatwa, na hiyo haishonwi. Kwa hiyo mtu akishtuka au akikasirika, moyo haujui. Habari huufikia kupitia damu, taratibu, na unapoanza kwenda mbio mwenyewe pengine ameshamaliza kugomba na ameketi. Kutulia nako unachelewa. Fundi alidhani anataniwa, mpaka siku muuza vitambaa alipomletea bitana mbovu akiapa ni nzuri. Fundi alimpa vidonge vyake vyote, na muda wote huo kifuani kulikuwa kimya kama hakuna mtu. Yule bwana aliondoka na mzigo wake, Fundi akakaa, akatunga uzi kwenye sindano, ndipo moyo ukaanza kudunda kwa nguvu, kama mgeni aliyefika vyombo vikiwa vimeshaoshwa. Alicheka peke yake.

Watu wakaanza kusema amekuwa mpole. Mama mkwe wake, aliyekaa nao nyumbani, ndiye aliyelisema zaidi, na kwa furaha. "Ni ule moyo wa mwalimu," alikuwa akiwaambia wageni. "Umezoea watoto."

Maana moyo huo, kila mtu alijua, ulikuwa wa mwalimu wa shule ya msingi. Mwanamke.

Aliyesema hivyo ni mume wa Fundi. Yeye alifundisha udereva, na watu walimwita Breki kwa sababu gari lake la kufundishia lilikuwa na breki ya pili upande wake, na alikuwa na tabia ya kuikanyaga kabla mwanafunzi hajakosea. Hata nyumbani alikuwa hivyo. Jambo likikaribia kusemwa, yeye ameshalisimamisha. Fundi alipozinduka na kuuliza kwa sauti ya kukwaruza ni nani aliyempa moyo, Breki alijibu mbele ya mama yake na mdogo wake kwamba ni mwanamke, mwalimu, amekufa kwa ajali. Hospitali haitoi majina, alisema, lakini hilo walimwambia.

Mdogo wake, ambaye hajawahi kupitwa na mzaha, alisema tangu leo kaka ana wake wawili kwa harusi moja. Breki alicheka mpaka akafuta machozi. Kila alipotokea mgeni mzaha huo ulirudiwa, na kila uliporudiwa Breki alicheka upya.

Fundi aliuchukulia kwa uzito. Alimwita Dada. Kila asubuhi, kabla ya kugusa gurudumu la cherehani, aliweka kiganja juu ya mshono na kumwamkia. Alimweleza kazi ya siku hiyo, akamlalamikia wateja, akamwomba radhi kwa harufu ya pasi ya mkaa. Alimwonea huruma kwa watoto wake wa darasani waliobaki bila mwalimu. Mtu mzima, mwenye duka lake, akiongea na kifua chake mwenyewe kabla majirani hawajafungua, wala hakuona haya.

Na kwa kuwa hakujua kushukuru kwa njia nyingine, akashona. Miaka mingi hakuwa ameshona gauni, lakini alinunua kitambaa cha samawati kisichochuja, akakata gauni la kiualimu, lenye ukosi mweupe na marinda yaliyolala kama yamepigwa rula. Vipimo alichukua vyake mwenyewe, kwa hoja kwamba mwanamke ambaye moyo wake umekaa vizuri kifuani mwangu lazima awe na kifua kama changu. Ubavuni aliweka mfuko mdogo wa chaki. Ndani ya ukosi, mahali pasipoonekana, alitarizi kwa mkono: *Kwa mama wa Dada yangu.* Hospitali ilikuwa na utaratibu wa kupokea zawadi na kuzifikisha kwa familia za waliotoa bila kutaja jina la mtu. Breki alisema asisumbuke kupanda ngazi za ofisi zile, atalipeleka yeye. Alilibeba kwa mikono miwili, likiwa limefungwa vizuri, na jioni aliporudi akasema wamelipokea.

Jibu halikuja. Fundi alingoja, akajikaza, akajiambia wafiwa hawana deni na mtu. Lakini lilimuuma.

Kingine kilichomuuma ni kochi. Tangu atoke hospitali Breki alilala sebuleni. Mwanzoni alisema anaogopa kumgusa mshono usiku. Mshono ukapona, ukawa mstari mwembamba, naye akaendelea kulala kwenye kochi miguu ikining'inia nje, akisema ameshazoea. Fundi alipojaribu kumvuta kichwa akiegemeze kifuani kama zamani, Breki alikumbuka hajafunga geti. Fundi alidhani ni kovu linalomchukiza, na akaanza kuvaa blauzi zenye ukosi wa juu ndani ya nyumba yake mwenyewe. Hilo peke yake, ukiniuliza mimi, lilitosha kumpeleka Breki mahakamani.

Ukweli ulimtoka daktari bila yeye kujua kwamba ni siri.

Ilikuwa siku ya kliniki. Fundi alilazwa ubavu, akapakwa ule ute wa baridi kifuani, na daktari mgeni, mwanamke mchangamfu asiyenyamaza, akawa anapitisha kifaa juu ya mbavu huku akisoma picha kwenye skrini. Valvu nzuri. Mapigo mazuri. Kila kitu kizuri.

"Ukuta ni mnene kidogo," akasema, "lakini hilo lisikutie wasiwasi. Mioyo ya wanaume ndivyo ilivyo."

Fundi akamwambia, kwa adabu, kwamba anaangalia picha ya mtu mwingine. Moyo wake yeye ulikuwa wa mwanamke.

"Mama," daktari akasema, "kifaa kiko juu ya kifua chako."

Kisha akaona uso wa mgonjwa, akapunguza mwendo. Akaeleza kwamba hakuna cha ajabu hapo. Mwanamume humpa mwanamke na mwanamke humpa mwanamume. Kwanza wanaangalia damu zikubaliane, halafu ukubwa, maana moyo mdogo ndani ya mwili mkubwa huelemewa. Fundi ni mrefu, mabega mapana. Waliutaka moyo wa kumtosha, na uliomtosha ukatoka kwa mwanamume. Faili linaonyesha mumewe alielezwa yote hayo siku ile, Fundi akiwa anaandaliwa kuingia upasuaji. Aliulizwa kama ana swali, akasema hana.

Habari za ukubwa Fundi hakuzihitaji kuelezwa mara mbili. Hata jambo lenyewe, kwamba aliye ndani ni mwanamume, lilimpita bila kumkwaruza popote. Kilichomkwaruza ni lile neno, mumeo alielezwa. Hasira ilimpanda kuanzia nyayo, akahisi masikio yanawaka moto, na palepale mbele ya macho yake, kwenye skrini, moyo wake ulikuwa unafumba na kufumbua kwa raha zake, kama mtu anayeota jua. Alikasirika huku akijitazama hajakasirika. Alifuta ute, akavaa, akashukuru, akatoka. Alikuwa koridoni, akihangaika na kifungo cha mwisho cha blauzi, moyo ulipopata habari, na ulizipokea vibaya. Ilibidi ashike ukuta.

Hakwenda nyumbani. Alipanda ngazi zile za ofisi ambazo mumewe alimhurumia asizipande, akamkuta muuguzi anayeshughulika na familia za waliotoa viungo. Akauliza swali moja tu, kama gauni la samawati lilifika kwa wenyewe.

Muuguzi hakujua gauni lolote. Alitazama kabatini, akamuuliza mwenzake wa meza ya pili, akarudi akitikisa kichwa. Hakuna zawadi iliyowahi kuletwa kutoka upande wa Fundi. Wala salamu. Kisha akasita, kwa kuwa kuna mambo asiyoruhusiwa kusema, na akasema lile aliloona anaweza kulisema.

"Mama yake amekuja hapa mara mbili. Anauliza tu kama aliyepewa yu mzima."

"Mkamjibu nini?"

"Tukamwambia ni mzima. Akauliza kama amewahi kusema chochote." Muuguzi alipanga upya kalamu ambazo zilikuwa zimepangika. "Tukamwambia, bado."

Fundi alishuka ngazi bila kushika reli. Akilini alimwona mama yule asiyemjua, ameketi kwenye kile kiti cha plastiki mbele ya meza, mkoba magotini, anaambiwa bado. Anarudi kwake, anakaa, anajikongoja tena kuja, anaambiwa bado. Na yeye Fundi, asubuhi zote hizo, alikuwa na kiganja kifuani, anamwamkia kwa unyenyekevu mtu ambaye hajawahi kuzaliwa. Alikuwa amemlilia mwalimu wa uongo. Alikuwa amewaombea wanafunzi wa uongo. Na kijana wa watu, aliyekufa kwelikweli, ambaye ndiye aliyekuwa akifanya kazi kifuani mle usiku na mchana bila kupumzika, hakuwahi kuambiwa hata asante. Ni dhuluma gani nyingine inaweza kufanyiwa marehemu baada ya hiyo?

Alijua gauni liko wapi. Nyumba yake aliifagia mwenyewe mpaka uvunguni, na kabati zake alizijua kwa kupapasa. Duniani kulikuwa na mahali pamoja tu pa Breki ambapo yeye hakuwahi kufungua.

Uwanja wa mafunzo ulikuwa eneo la changarawe nyuma ya kiwanda kilichofungwa, umepangwa mapipa matupu ya kujifunzia kuegesha. Breki alikuwa ndani ya gari, na kwenye usukani alikuwepo mama mmoja wa makamo aliyeushika kana kwamba utamtoroka. Fundi alikuja akikata uwanja katikati ya mapipa, akasimama mbele ya boneti. Mama yule alikanyaga kitu, gari likaruka, na Breki akakanyaga chake. Likasimama likitetemeka, karibu na magoti ya Fundi. Fundi hakurudi nyuma.

Breki alitoka na tabasamu la kuazima. Akauliza kliniki wamesemaje, kama dawa zimebadilishwa, kama ameshakula.

"Fungua buti," Fundi akasema.

Akasema buti lina kufuli bovu. Akasema kuna mwanafunzi anasubiri. Akasema, mke wangu, kuna nini, si tukaongee nyumbani.

"Buti."

Kutoka dirishani yule mama akauliza kama azime gari, na hakuna aliyemjibu, kwa hiyo akazima mwenyewe, na ndilo jambo la kwanza alilofanya sawasawa siku ile.

Breki alifungua. Kulikuwa na jeki, kamba, dumu la maji, tairi la akiba. Fundi alilishika tairi kwa mikono yake ambayo haikuruhusiwa kuinua vitu vizito, na Breki akaruka kumzuia, ikabidi aliinue yeye. Chini yake kulikuwa na kifurushi, kamba zake zikiwa bado na fundo la Fundi, na pembe moja ilikuwa imenyonya mafuta machafu mpaka ndani.

Fundi alikifungua juu ya boneti. Oili ilikuwa imefika kwenye ukosi. Mfuko wa chaki ulikuwa mzima. Aliutazama ule mfuko, aliouwekea mishono miwili ili usichanike kwa uzito, akajiona yeye mwenyewe usiku ule akiinama juu ya taa, akimfikiria mwanamke anayeandika ubaoni. Alitaka kupiga kelele mpaka mapipa yaanguke. Lakini kuna mahali pa kila kitu.

"Nyumbani," akasema. "Mbele ya mama yako. Si ndipo ulipoanzia?"

Mama mkwe alikuwa amekaa mezani akikunja nguo zilizokauka. Alikuwa mwanamke mdogo wa mwili, mgongo ulionyooka, mwenye mazoea ya kusikia nusu ya maneno na kujibu nusu iliyobaki. Aliona mwana na mkwe wanaingia, mmoja amefura na mwingine amenywea, akasogeza nguo pembeni bila kuuliza. Fundi akatandaza gauni mbele yake. Akavuta kiti, akakaa, akatoa wembe wake wa kufumulia, akageuza ukosi nje ndani, akaanza kufumua yale maneno ya ndani, uzi mmoja baada ya mwingine.

"Mwambie mama," akamwambia Breki, "moyo huu ni wa nani."

Breki alisimama karibu na mlango. Alitazama kochi, akatazama dirisha. Hakukuwa na breki ya kukanyaga.

Akasema. Alisema kwamba siku ile alisimama koridoni, muuguzi akamwambia ni wa mwanamume, kijana, na yeye akashukuru, anaapa alishukuru. Kisha akatoka nje akawakuta mama na mdogo wake, akaulizwa, na ulimi wenyewe ukasema mwanamke. Walipouliza mwanamke gani, ukasema mwalimu. Hakupanga. Halafu ukaingia ule mzaha wa wake wawili, watu wakacheka, akaona akisema ukweli mzaha utamgeukia yeye. Angeitwaje mtaani? Mume mwenza? Na gauni angelipelekaje, wakati limetariziwa dada?

"Na kochi?" Fundi akauliza. Wembe haukusimama.

"Kila nikilaza kichwa pale," Breki akasema, "nasikia mtu."

Fundi aliweka wembe chini.

"Unasikia mtu," akasema. "Mwanamume mwenzako. Sikiliza basi na mimi nikwambie. Mkanda wangu umezunguka vifua vya wanaume wa mji huu wote. Nimewapima mabega, nimewapima viuno, nimepiga magoti kuwapima miguu, hujawahi hata kukohoa. Suti yako ya sikukuu imetokana na vifua hivyo. Leo mmoja, marehemu, hana mikono, hana macho, hana hata jina, ndiye anakuhamisha kitandani?"

Breki akasema si hivyo.

"Ni hivyo. Alipokuwa mwanamke ulikuwa na wake wawili, ukacheka mpaka ukafuta machozi. Alipokuwa mwanamume ukamzika mara ya pili, kwenye buti, chini ya tairi. Mimi nikavaa nguo za kubana shingo ndani ya nyumba yangu, nikidhani nimekuchukiza. Nikamshonea mtu asiyekuwepo mfuko wa chaki. Na mama wa yule kijana anakuja hospitali kuuliza kama nimesema chochote, anaambiwa bado. Unajua bado ni neno la namna gani kwa mfiwa? Mara mbili amekuja. Mara mbili."

Sauti haikuwa imepanda sana. Breki, aliyezoea Fundi wa zamani, wa kusikika mpaka barabarani, alitamani angepiga kelele. Fundi naye alihisi maneno yamemwishia ghafla, yote kwa pamoja, akabaki na mikono juu ya meza. Kifuani kulikuwa shwari.

Ndipo mama mkwe akasema. Kwa muda wote huo alikuwa akipapasa ukosi wa gauni, pale penye doa.

"Mama yake yuko hai, kumbe."

Fundi akaitikia kwamba yuko hai.

"Mwili wake ukoje?"

Fundi akasema hajui, hakumwona.

Bibi yule alisimama. Alimgeukia mwanawe, aliyekuwa amehofu jambo hili muda wote, amedanganya kwa ajili ya jambo hili, macho ya mama yake siku atakapojua kwamba mkwe amebeba moyo wa mwanamume wa nje. Alimtazama kama anavyotazamwa mtoto aliyeletwa nyumbani na majirani.

"Ungekufa wewe," akasema, "moyo wako ukawekwa kwa mke wa mtu. Mimi ningekwenda kila siku. Ningelala pale mlangoni. Na mume wa huyo mwanamke anifiche?"

Hakungoja jibu. Alichukua mkanda wa kupimia mezani, akamkabidhi Fundi, akanyanyua mikono kama wafanyavyo wateja.

"Nipime mimi," akasema. "Mama wa mwanamume ndiye mimi hapa. Lipunguze, uutoe huo mfuko, ukosi uweke mwingine. Tutalipeleka mimi na wewe, na huyu atatuendesha."

Fundi alimpima. Kifua, kiuno, mgongo, mikono, bila kuandika popote, kwa kuwa vipimo vya mtu mmoja hukaa kichwani. Akavingirisha mkanda. Hasira ilikuwa bado ipo, haikwenda popote, ila sasa ilikuwa na mahali pa kukaa. Akamwita mumewe kwa kidole, kama amwitavyo mteja aje kujaribu koti.

Breki akaja.

"Piga magoti. Weka sikio."

Akaangalia kama mama yake yupo, na alikuwepo, na hakuwa na nia ya kutoka. Akapiga magoti pale sakafuni, mbele ya kiti cha mkewe. Fundi akafungua kifungo cha juu cha blauzi, cha pili, cha tatu, mpaka kovu likaonekana lote. Breki akalaza kichwa taratibu, shavu juu ya mshono. Tangu upasuaji hakuwa amekaribia pale. Mabega yake yalikuwa magumu, kisha yakaanza kulegea.

"Umetulia," akasema baada ya muda, kwa sauti ndogo. Kulikuwa na nafuu ndani ya sauti hiyo, nafuu ya mtu anayeona gari limepita pembeni yake. "Yeye hajakasirika."

"Hajapata habari," Fundi akasema. "Subiri."

Wakasubiri. Mama mkwe alirudi kwenye nguo zake, akakunja shuka, akalinyoosha kwa kiganja. Nje mtu alikuwa akiburuta kiti cha chuma. Breki alifumba macho, akamwomba radhi mkewe, akaanza kueleza tena habari za koridoni na za mdogo wake, na katikati ya maneno akanyamaza.

Ulikuwa umeanza. Kwanza pigo moja zito, kana kwamba mtu amegeuka kitandani, halafu jingine, halafu yakashikana, yakaongeza kasi, yakawa yanagonga ubavu kutoka ndani kwa nguvu ambayo Breki aliisikia kwenye meno yake. Uso wake ulibadilika rangi. Alijaribu kuinua kichwa.

Fundi alikishika kwa mikono miwili, akakirudisha palepale.

"Usitoe sikio," akasema. "Ndiyo kwanza zimemfikia. Msikilize mpaka amalize."